Nachapa, Sisomi

Mimi ni mpiga chapa. Hapa Bariadi wengi huniita mama steshenari kwa sababu siku hizi nauza na bahasha, lakini mimi ni mpiga chapa, na anayebisha aje anionyeshe vidole vyake. Nilianza kazi mwaka sabini na tatu kwenye chama cha ushirika, enzi ambazo pamba yote ya huku ilipita mikononi mwa ushirika, na chumba chetu cha uchapaji kilikuwa na mashine sita zinazopiga kelele tangu asubuhi hadi saa tisa na nusu. Mkuu wetu alikuwa mzee Marcelo. Alitufundisha mambo matatu, na alitufundisha kwa rula ya chuma kwenye vifundo vya vidole. Mpiga chapa hasomi. Mpiga chapa hasemi. Mpiga chapa habaki na rafu, yaani akishamaliza, ile karatasi ya mkono anaichana mbele ya mwenyewe.

Watu hucheka nikisema sisomi. Wanadhani najidai. Macho yanaona herufi, vidole vinagonga herufi, kichwa hakimo kabisa, kichwa kiko nyumbani kinafikiria maharage. Nimechapa barua za kufukuza watu kazi, rafiki zangu, kisha nikatoka kwenda kunywa nao chai, sijui lolote. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, ushirika ukakaukiwa, wakaamua kutupunguza. Orodha ya wa kupunguzwa ilikuwa na majina arobaini. Niliichapa mimi. La kwangu lilikuwa la kumi na saba, na sikulijua mpaka nilipoitwa saa nane kutia saini. Wenzangu walilia, mimi nilimwambia mhasibu kwamba orodha yake haina kosa hata moja la uchapaji.

Sasa mtanielewa ninayotaka kusema, au hamtanielewa, shauri yenu.

Kompyuta nilipewa na mdogo wangu, Fredrick Mayala. Mama yetu alipofariki Mayala alikuwa na miaka minne, mimi kumi na tisa. Nilimbeba mgongoni, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamsomesha kwa mshahara wa vidole hivi hivi mpaka kidato cha nne. Sikuolewa, na sijuti; nilikuwa na mtoto tayari. Baadaye akawa wakala wa kampuni moja ya kununua pamba, akawa na pikapu na simu ya mkononi, na mwaka 2001 akaniletea kompyuta iliyochoka ya ofisini kwao, na printa yake. Alisema, "Dada, umegonga vyuma vya kutosha." Nililia siku ile, na mimi silii ovyo.

Basi, mwaka 2003, mwezi wa tano. Ijumaa moja alikuja bibi mmoja, Nyanjige, kutoka kijiji cha kando ya barabara iendayo Lalago. Alitembea kwa mguu tangu alfajiri. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya kina mama wengi wa huku, wanaopikia mavi makavu ya ng'ombe kwa sababu kuni zimekwisha. Macho ya namna hiyo kwetu husemwa ni ya mchawi, na yameshawaua wenye nayo, wala si siri.

"Mwadila, mayu," aliniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama na kupiga goti kidogo ingawa mimi ni mdogo kwake sana.

"Mwadila, bibi. Karibu ukae."

Alifungua fundo la kanga yake akatoa karatasi mbili za daftari zilizoandikwa na Athanasi, katekista wa kigango chao. Alitaka barua ichapwe iende kwa Mkuu wa Wilaya, maana ya mkono, alisema, haifiki mezani. Nikakaa, nikachapa, dakika kumi na tano. Yeye alikaa kwenye benchi, hakuangalia mashine, aliniangalia mimi usoni muda wote. Nilipomaliza nikachana rafu mbele yake vipande vidogo vidogo, kama nilivyofundishwa. Alishtuka kidogo.

Printa ilikuwa imeishiwa wino siku hiyo. Nikamwambia aje Jumatatu, nitaitoa mbele yake, atie dole gumba, aondoke nayo. Mimi sitoi karatasi ya mtu kabla mwenyewe hajawepo. Karatasi hailali ofisini kwangu.

Sasa Danford. Danford ni fundi wa kompyuta, pekee tuliyekuwa naye mjini wakati ule, kijana wa miaka thelathini aliyejifunzia Mwanza na kuongea kama amezaliwa Kariakoo. Alikuwa akinisumbua tangu Januari. "Maza, hii Windows 98 yako imezeeka. Wateja wa maofisini wanaleta disketi, hazifunguki. Tuhamie XP." Na kweli walikuwa wananikimbia. Jumamosi ile, wino ukiwa umeshafika, nikamwambia haya, hamisha. Akatumbukiza CD yake ya kunakili, mashine ikaanza kula, asilimia kumi, asilimia thelathini. Kwenye sitini na kitu umeme ukakatika.

Uliporudi, mashine iliguna, ikaleta kioo cheusi na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza. Danford akasoma akakuna kichwa. Akasema kuna faili moja dogo, la kuiamsha mashine, halionekani. Mashine inawaka lakini haijui iende wapi. Akaangalia kama kuna disketi iliyosahauliwa ndani, hakuna. Akarudisha CD, CD ikakwama kusoma. Ilikuwa na mikwaruzo. Akaipaka dawa ya meno, akaisugua na shati lake, akaiosha, bado. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimtukana kwa adabu.

"Ya huku ya zamani imeshabomolewa, ya kule mpya haijajengwa," alisema. "Kwa sasa, maza, huna hii wala ile."

"Na kazi za watu zilizomo?"

"Zimo. Nadhani zimo."

Jumatatu asubuhi Nyanjige akaja. Mezani kulikuwa na kasha la mashine limefunguliwa ubavu, nyaya nje. Nikamweleza kwamba mashine imegoma, fundi anakwenda Mwanza kutafuta CD nzima, arudi Alhamisi. Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi lile lile, mikono mapajani, kama anasubiri nimalize kusema. Kisha akauliza, taratibu sana:

"Umeisoma, mayu?"

Na mimi, kwa kiburi changu chote cha miaka thelathini, nikamwambia, "Bibi, usiwe na wasiwasi. Mimi nachapa, sisomi. Siri yako iko salama."

Aliinamisha kichwa. Akasema, "Basi," akafunga kanga yake, akaenda. Nilimtazama akivuka barabara nikajisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilijisikia vizuri.

Alhamisi hakuja. Aliyekuja ni muuza maziwa wa njia ile, akasema Nyanjige ameuawa Jumatano jioni, mlangoni kwake. Walimkata mapanga. Walikuwa watatu au wanne, hakuna aliyesema amewaona. Wenye maneno yao walishaanza kusema kulikuwa na mtoto wa jirani aliyekufa, na mganga alishapiga ramli. Nilifunga duka. Nilikaa ndani nikitazama lile kasha la mashine.

Jumamosi Danford alirudi na CD mpya. Ilikuwa safi, inang'aa, akaitumbukiza na mashine ikaitikia mara moja. Akanieleza kwamba njia fupi ni kufuta kila kitu kilichomo, kuanza upya kama nyumba iliyobomolewa hadi msingi. Kwenye kioo kulikuwa na swali, na jibu lake lilikuwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na wateja wa kuhesabika. Nikamwambia bonyeza.

Kidole chake kilikuwa hewani wakati mwanamke alipoingia bila hodi. Alikuwa amefunga kaniki ya msiba, miaka arobaini hivi, na macho yake yalikuwa mekundu vile vile.

"Mimi ni Kwandu," alisema. "Nyanjige ni mama yangu. Nimeambiwa barua yake imo humu."

Nikamshika Danford mkono, nikauondoa kwenye kibodi.

Kwandu aliolewa Bukundi, alikuja Jumanne kumchukua mama yake akakae naye huko. Jumatano alikwenda kisimani, aliporudi ikawa imeshatokea. Walimzika Ijumaa. Alikuwa amekwenda polisi asubuhi ile, na afande hakumfukuza, alimsikiliza, lakini alimwambia kwamba kila mfiwa huja na jina mdomoni. Alitaka maandishi ya marehemu mwenyewe, yaliyowataja waliomtishia, kabla hajamkamata mtu. Kwandu akaenda kwa Athanasi aliyeandika rafu. Athanasi akasema amesahau. Ana watoto sita na nyumba ya nyasi, sikumlaumu. Rafu nilishaichana. Kwa hiyo duniani kote maandishi ya majina yale yalikuwa sehemu moja tu, ndani ya kile kibati mezani kwangu, na wenye majina walikuwa huko kijijini wanatembea, na Kwandu analala kwenye nyumba ile ile peke yake kwa kuwa watu waliogopa kulala msibani, na matanga yalikuwa hayajaanuliwa, hawezi kuyaacha.

"Wewe uliichapa," alisema. "Hukumbuki hata jina moja?"

Nilifumba macho. Nilijaribu, haki ya Mungu nilijaribu. Niliona vidole vyangu vinakwenda. Niliona kwamba karatasi ilikuwa na doa la mafuta pembeni. Majina hayakuwepo. Nilimwambia hapana, na aibu ikanipanda hadi masikioni.

"Danford," nikasema, "hufuti kitu. Hata ukiniletea CD kutoka mbinguni, hufuti."

Danford hakuleta maneno tena. Alisema iko njia ndefu: kuitoa ile diski ngumu yenyewe, kuipeleka kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, kuifunga kama diski ya pili, na kuchungulia. Kompyuta nzima tuliyoweza kuiazima ilikuwa ya ofisi ya parokia, na ofisi ilifungwa hadi Jumatatu. Kwandu akasema atarudi Jumatatu. Alinishukuru, "Wabeja, mayu," na alikuwa bado ananiangalia usoni kama mama yake.

Mchana ule Mayala alipita na soda mbili, kama kawaida yake akitoka kwenye maghala. Alilitazama kasha lililofunguliwa. "Dada, umelaza maiti mezani," akasema. "Kuna nini humo cha kukunyima usingizi?"

Na mimi nikamwambia. Mimi, mwanafunzi wa mzee Marcelo, ambaye sikuwahi kutoa neno la mteja kwa padri, nilimwambia mdogo wangu kila kitu. Habari za Nyanjige, barua, majina, binti yake Kwandu aliyekuja kuitafuta. Nilikuwa na uchungu na nilitaka mtu wangu anihurumie. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka chupa chini.

"Kwani wewe uliisoma?"

"Ningeisoma ningehangaika hivi?"

Akacheka kidogo. Akanishika bega. "Futa tu, dada. Watu wa kule wana mambo yao, utajiingiza bure. Nitakununulia nyingine mpya kabisa."

"Sifuti."

"Basi Jumatatu saa nne nitapita na pikapu, naipeleka mwenyewe Mwanza kwa fundi wa kweli. Huyu wako ni wa kubahatisha." Danford alikuwa nje anavuta sigara, hakusikia. Nilimshukuru Mayala. Niliona jinsi Mungu alivyonipa ndugu.

Jumatatu asubuhi Danford alichomoa diski. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, kizito kuliko unavyotarajia. Kulikuwa na kijipini cha kuhamishwa nyuma yake ili ile mashine nyingine iikubali kama ya pili. Vidole vyake vilikuwa vinene, nikakihamisha mimi kwa kibanio changu cha nyusi. Tukaifunga kwenye kitambaa. Kasha tupu nikaliacha mezani likatengenezwe Mwanza, nikamwachia jirani yangu ufunguo. Mayala akaja saa nne akalipakia kwenye pikapu, akaondoka nalo. Sikumdanganya. Sikuwaza hata kumwambia kwamba halina kitu ndani.

Kwandu tulimkuta mlangoni kwa parokia. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa. Alisema ilitupwa uani kwake Jumapili, wakati watu wamekwenda kanisani. Haikuwa na maneno. Ilikuwa na picha ya panga, imechorwa kwa kalamu nyekundu.

"Mpaka Jumamosi hakuna aliyenijua kama natafuta kitu," alisema. "Sijui nani amewaambia."

Nikasema hata mimi sijui. Niliamini nasema kweli.

Danford aliifunga diski, akawasha, tukasubiri. Mashine ya parokia iliiona. Alishusha pumzi, kisha akaguna. Umeme ulikatika wakati mbaya. Majina ya mafaili yalikuwa yamefutika, yaliyobaki ni vipande vyenye namba tu, mia tatu na kumi na mbili. Ili kujua kipi ni kipi ilibidi kukifungua na kukisoma.

"Soma wewe, maza," akasema. "Ni kazi zako."

Kwa hiyo nikasoma. Siku moja nikasoma miaka miwili ya kazi yangu. Mwalimu aliomba uhamisho mara nne kwa sababu mkewe ni mgonjwa, na mimi kila mara nilimwambia asante karibu tena. Mtu na nduguye walishtakiana kwa ajili ya dume moja la ng'ombe, mpaka barua ya sita ikawa ya rambirambi. Msichana aliomba kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akaomba tena, akaomba tena, barua ile ile, tarehe tu zimebadilika. Mwanamke niliyesali naye benchi moja aliandika kwamba mumewe anamvunja mifupa. Niliichapa hiyo. Niliichapa na sikukosea hata nukta. Nilikuwa nafungua kipande, nasoma, nafunga. Danford aliniletea maji. Kwandu hakusogea kwenye kiti chake. Hakujua kusoma, hakuangalia kioo, aliniangalia mimi.

Cha mia mbili na arobaini, saa nane na robo, kikafunguka hivi: YAH: KUTISHIWA MAISHA YANGU.

Nilisoma polepole. Mimi Nyanjige, mjane, naomba msaada wako. Mwaka jana alikuja mtu wa pamba akataka itongo langu, kiwanja cha mji wetu wa zamani kando ya barabara, ajenge kituo cha kununulia. Nilimwambia nimezika mume wangu na watoto wangu watatu hapo, siwezi kuondoka. Akaja mara ya pili. Mara ya tatu hakuja kwangu, alikwenda kwa majirani zangu, akakaa nao, akawanywesha. Baada ya hapo wakaanza kusema nimemroga mtoto wao. Wanapita usiku wanagonga mlango wangu kwa panga. Majirani hao ni wawili, majina yao yalikuwepo, yote matatu matatu. Na mtu wa pamba aliyewatuma ni Fredrick Mayala Ndaki, wakala, wa Bariadi mjini.

Nilisoma tena. Mayala kwetu Usukumani ni wengi, hata Fredrick Mayala wapo. Nikarudia ule mstari kama mtu anayetafuta kosa la uchapaji. Hapakuwa na kosa. Jina lilipita kwenye vidole vyangu Ijumaa ile, herufi kwa herufi, jina nililomfundisha mimi mwenyewe kuliandika kwa mkaa sakafuni, na vidole havikusita.

Halafu mengine yakaja yenyewe. Chupa ya soda aliyoiweka chini. Futa tu, dada. Pikapu ya saa nne. Na lile panga jekundu uani kwa Kwandu, lililotoka mdomoni mwangu.

Danford alikuwa amesoma begani mwangu. Aliinama akaniambia kwa sauti ya chini sana, na kwa mara ya kwanza hakuniita maza. "Mama Generoza. Nikibonyeza hapa haipo. Hakuna atakayejua. Tunasema umeme uliila."

Nitasema ukweli, maana uongo hautanisaidia tena. Nilitaka abonyeze. Nilimwona Mayala wa miaka minne, tumbo nje, ananivuta gauni. Nilishageuza shingo kumwambia Kwandu kwamba haimo, pole sana. Mdomo ulishafunguka.

"Umeisoma, mayu?" Kwandu akauliza.

Ilikuwa sauti ya mama yake. Maneno yale yale, upole ule ule. Sikuweza.

"Nimeisoma," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeweka mzigo chini. "Hapa mjini wachapaji mko wangapi?" akauliza. "Watatu. Mama aliwapita wawili akaja kwako. Aliulizia kwanza, akaambiwa Mayala amelelewa na dada yake mpiga chapa, hana mama mwingine. Akasema, nikimpelekea yeye atasoma. Akisoma atamwita mdogo wake, atamkemea, na yeye atamsikia. Barua aliandika ya Mkuu wa Wilaya, lakini aliyetaka asome ni wewe."

Kwandu akaendelea.

"Jumanne nilimwambia tuondoke. Akasema anasubiri Alhamisi. Alisema labda ukishaitoa karatasini utaisoma."

"Kwa nini hukuniambia Jumamosi?" nikauliza. "Ulijua ni ndugu yangu. Na leo umekaa hapa unanitazama."

"Ningekutajia Jumamosi, ungemzuia fundi asifute?"

Hilo swali ninalo hadi leo. Nikiamka ninalo. Sijui jibu lake, na Kwandu hakulisubiri.

Niliitoa kwenye printa ya parokia, nakala tatu. Ilitoka nzuri, pembe zimelingana, imesimama vizuri. Mahali pa sahihi palikuwa wazi, na dole gumba la kuweka pale lilikuwa ardhini tangu Ijumaa. Danford akasema bila sahihi polisi watauliza nani anathibitisha kwamba ni maneno ya marehemu. Nikamwambia najua. Nikazikunja, nikamwambia Kwandu tutembee.

Njiani tulipita mbele ya duka langu. Jirani akaniita, akasema Mayala amerudi na kasha, ana hasira, anasema ndani hamna kitu, ananitafuta kila mahali. Nilimwambia akija tena amwambie niko polisi. Kwandu alinishika mkono tukavuka barabara.

Afande wa zamu alisoma barua yote, kisha akaanza upya toka juu. Alikuwa mtu wa makamo, mwandishi wa polepole, anayeweka kalamu chini kila baada ya mstari. Akauliza nani aliichapa, nikasema mimi. Akauliza mbele ya nani, nikasema mbele ya Nyanjige mwenyewe, Ijumaa, saa nne asubuhi, kwenye benchi langu. Akauliza kama niko tayari kusema hayo mahakamani.

"Niko tayari."

"Na huyu wa tatu, Fredrick Mayala Ndaki. Unamfahamu?"

Kalamu yake ilikuwa imeshaanza kugusa karatasi. Kwandu alikuwa amesimama pembeni yangu.

"Andika ni mdogo wangu," nikasema. "Andika kwamba nilimlea mimi. Halafu nisomee ulichoandika, nisikie."